Mgeni wa Mgongoni

Jumatatu, 4 Novemba. Bukoba

Leo asubuhi wamenitoa uvimbe chini ya bega la kulia. Nimekaa nao miaka mingi. Ulikuwa kama yai la bata chini ya ngozi, hauumi, ila siku hizi nikibeba begi mkanda unausugua. Daktari alisema ni mafuta tu. Walinilaza kifudifudi, wakanichoma ganzi, nikawa nasikia wanavuta na kukata kama mtu anayefumua mdomo wa gunia. Jioni nikaruhusiwa.

Maagizo: kidonda kisiingie maji, kisafishwe kila baada ya siku moja, vidonge nivimeze mpaka viishe, nyuzi zitolewe baada ya wiki mbili. Nayaandika kwa sababu kazi ya stoo ya kahawa imenizoesha hivyo. Kisichoandikwa hakijaingia na hakijatoka.

Jumatano, 6 Novemba. Izigo

Nyumba tuliyopanga Bukoba ipo karibu na mto Kanoni, na maji yameshaingia sebuleni. Mke wangu Safina amewahamishia watoto kwa mama yake, Kashai, ambako wanalala wanne chumba kimoja. Mwenye kidonda hana pa kujigeuza pale. Nimekuja kwa Mama.

Mama amezeeka tangu mwezi wa tisa. Macho yameingia ukungu. Alinigusa uso kwanza ndipo akanisalimu. Anaishi na mdogo wangu Ismail na mkewe Ashura. Tangu Baba afariki, kibanja chote kinatunzwa na Ismail, migomba na kahawa. Mimi ndiye musika, mrithi mkuu niliyetajwa mbele ya ukoo, lakini mikono yenye udongo ni ya kwake.

Nimepewa chumba cha Baba. Dirisha linatazama migomba, na mmoja umeegemea ukuta kabisa, majani yake yanagusa nondo.

Alhamisi, 7 Novemba

Zahanati kwa miguu na Ismail. Muuguzi anaitwa Benigna, mwanamke wa maneno machache. Alifungua, akasafisha, akasema pamekaa vizuri.

"Mimi nitajuaje?" nikamuuliza. "Kipo nyuma."

"Utajua kwa kuambiwa," akasema.

Jibu hilo halikunitosha. Simu yangu ni ya vitufe, kubwa nilimwachia binti yangu kwa masomo. Basi tuliporudi nilimwomba Ismail afunue gozi, anipige picha kwa simu yake, kisha afunike tena. Nilikaa kitandani nimeupa mgongo mlango, jua la saa kumi likiingia dirishani. Mshono mfupi, ngozi safi, nyuzi nyeusi zimejipanga. Nilifurahi kama niliyeonyeshwa picha ya mtoto. Tumekubaliana kila kikisafishwa atanionyesha, na atamtumia Safina.

Jumamosi, 9 Novemba

Zahanati. Vizuri. Mawingu kutoka ziwani.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri, na senene wameanguka. Kijiji kizima kimechanganyikiwa. Ashura amekaa barazani na beseni, ananyonyoa mabawa na miguu. Nilimwambia sitaki kusikia senene wakikaangwa halafu nisiletewe. Akasema, "Shemeji, mgonjwa anapewa kwanza. Ndiyo maana wanaume wa hapa wanapenda kuugua mwezi huu."

Jumanne, 12 Novemba

Mvua haijakata. Kijito cha chini kimechukua magogo ya kuvukia, na zahanati ipo ng'ambo. Ismail alizunguka kwa juu, njia ndefu, hadi kwa Benigna. Amerudi na gozi, plasta, chumvi, na maelekezo. Kuanzia leo ananisafisha yeye.

Ana mkono mzuri kwa mtu anayeshinda na panga. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akisikiliza. Alipomaliza, Mama akauliza, "Mgeni anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Mama," Ismail akajibu.

Nilikuwa nimesahau. Kwa Mama kidonda hakitajwi. Kinaitwa mgeni, na mwenye nacho haambiwi habari zake mbaya. Hii ni tangu Baba. Baba alijikata mguu na panga akipogolea migomba, mguu ukaharibika, na daktari akamwambia mbele yetu sote kwamba umeoza. Jioni ile Baba aligeukia ukutani, hakugeuka tena. Mama anaamini mguu haukumuua. Anaamini aliuawa na kuambiwa.

Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo. Nilijua ni sumu iliyoingia kwenye damu. Bado najua hivyo.

Alhamisi, 14 Novemba

Kusafishwa. Picha: safi. Nimemeza kidonge cha mwisho.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo Ismail alichukua muda. Nilisikia amesimama tu nyuma yangu, hafanyi kitu, kitambaa kinadondosha maji kwenye beseni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema gozi limegandana, anangoja lilowe.

Akatoka kumwaga maji. Nikamsikia akizungumza na Mama jikoni kwa sauti ya chini, Kihaya, maneno sikuyapata. Aliporudi alinionyesha picha. Safi.

Jumapili, 17 Novemba

Shati limelowa mgongoni nilipoamka. Ashura anasema ni jasho. Sikusikia joto usiku.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya kutolewa nyuzi imefika na kijito hakipitiki. Ismail anasema Benigna amesema zinaweza kungoja.

Jumanne, 19 Novemba

Safina alipiga simu. Amechoka. Maji yametoka sebuleni yakaacha tope hadi kwenye kabati la vyombo.

"Picha nimeziona," akasema. "Mgongo wako umependeza kuliko uso."

"Na husikii harufu kwenye picha," nikasema.

"Harufu ipi?"

Nikamwambia ni mzaha. Lakini ipo. Si kali. Ni kama maji ya kopo yaliyokaa na maua wiki nzima. Inakuja nikijigeuza, ikishaondoka nadhani nimeiwaza tu. Leo Ashura aliingia na chetezo, akafukiza ubani chumbani. Nikamuuliza leo kuna nini. Akasema Mama amependa tu nyumba inukie, mvua imezidi unyevu.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Uji wa ulezi wa asubuhi ulikuwa mchungu. Sukari nyingi, na chini ya sukari uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Ismail aliuleta mwenyewe, kwa kawaida huleta Ashura. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, akachukua kikombe, akakitazama ndani.

Alhamisi, 21 Novemba

Uji mchungu tena. Asubuhi na jioni sasa.

Mchana alikuja Datius, jirani aliyesoma na mimi. Alileta mkungu mzima wa ndizi. Alikaa karibu na mlango, mbali na kitanda, akasema nimenawiri.

"Bwana Stoo, watu wa mjini mnaugua kistaarabu. Sisi tungekuwa tumeshalia kijiji kizima kikasikia."

"Mkungu mzima wa nini, Datius? Mtu mmoja mimi."

"Si nimekuja kukuona."

Alikuwa akinitazama usoni kwa bidii, kama mtu aliyekatazwa kutazama mahali pengine. Alipotoka nilisikia akisema na Ismail barazani: "Na kibanja hiki, mmeshazungumza?" Ismail akajibu kitu kifupi. Mvua juu ya mabati ilifunika sauti yake.

Leo wamekuja watatu. Juzi wawili. Mtu aliyetolewa uvimbe wa mafuta hatembelewi hivi.

Ijumaa, 22 Novemba

Nitaandika hili taratibu ili nikilisoma kesho nione kama nina akili.

Mwezi wa tisa nilikuja hapa kumwambia Ismail kwamba mwanangu mkubwa, Yunus, akimaliza chuo atajenga upande wa chini, kwenye kahawa. Nilidhani ni jambo dogo. Kibanja ni changu kwa desturi na eneo lenyewe ni kona. Ismail alikuwa anakata majani makavu ya mgomba. Akasema, "Sawa, Kaka," akaendelea kukata. Nilirudi Bukoba nikiamini tumeelewana. Sasa nakumbuka kwamba hakuacha kukata hata nilipomuaga.

Kahawa ya kona ile aliipanda yeye. Mimi nilikuwa Bukoba.

Asubuhi ya leo nilipokea kikombe, nikasema uji una moto, aniachie. Hakutaka. Mama akamwita, akatoka. Nikanywa kidogo, nikatazama chini ya kikombe. Kuna unga mweupe uliotuama, mzito kuliko unga wa ulezi, haukuyeyuka. Nikaupaka kwenye ulimi. Ndio wenye uchungu.

Niliupitisha uji kwenye nondo za dirisha nikaumwagia mgomba. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu. Alikitazama ndani, akapumua kama aliyetua mzigo.

Sijui nimwambie nani. Mama hatasikia neno juu ya Ismail, na macho yake hayaoni alichobeba. Safina ana tope lake.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemwaga. Kusafishwa: maumivu mpaka kwapani. Picha: safi.

Jumapili, 24 Novemba

Nimemwaga. Nakula ndizi tu, nazo zile ambazo Mama amechukua kutoka sinia lake. Ismail anauliza mbona nimepungua. Nikamwambia ni mvua. Akanipa kahawa ya kutafuna kutoka kiganjani mwake, zile punje zilizochemshwa na majani, kama tulivyokuwa tukipewa na Baba. Nikaitia mdomoni mbele yake. Alipotoka nikaitema.

Nimekuwa mtu wa kutema kahawa ya ndugu yangu. Naandika ili ijulikane kwamba sikuifurahia.

Jumatatu, 25 Novemba

Kusafishwa saa kumi. Mvua nzito, chumba giza, ilibidi Mama ashike tochi, naye haoni pa kuielekeza, mwanga ukicheza ukutani. Ismail alipomaliza akanipa simu.

Nilitazama ile picha muda mrefu kuliko siku nyingine zote. Mshono safi. Nyuzi zimejipanga. Na juu ya bega, kushuka hadi mbavuni, kuna mstari wa jua.

Hakuna jua. Halijaonekana chumbani humu tangu mvua ianze. Nimelala kitanda hiki na dirisha hili, ninajua.

Nimerudisha simu nikasema asante.

Amekuwa akinionyesha mgongo wa tarehe saba.

Jumanne, 26 Novemba

Ninaandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko mbaya, lakini yote lazima yaandikwe leo.

Niliamka natetemeka. Meno yaligongana hata nikashindwa kusema bismillahi. Baada ya hapo joto. Bega la kulia halinyanyuki.

Ismail alikuwa ameenda kibanjani kukata mikungu. Ashura alikuwa barazani na senene wake. Nikamwita, nikaomba simu yake nimpigie Safina. Akafuta vidole kwenye kanga, akanipa.

Nilifunga mlango. Nilivua shati, likatoka pamoja na plasta upande mmoja. Nikapitisha mkono wa kushoto nyuma ya shingo na kubonyeza bila kuona. Picha ya kwanza ilikuwa ukuta. Ya pili ilikuwa sikio langu. Ya tatu ilikuwa mgongo.

Kwa muda sikuelewa ninachotazama. Nilitafuta mshono sikuupata. Palipokuwa na mshono pamefunguka kama mdomo, ndani ni njano na kijivu, na uzi mmoja umening'inia hauna kazi. Kuzunguka, ngozi imekuwa nyekundu inayong'aa. Wekundu ule umepanda begani na kushuka kuelekea kwapani, na ukingo wake unaonekana wazi kama ramani ya ziwa.

Huo ni mgongo wangu. Nimelala nao wiki mbili na watu wakinisifia.

Nilitoka nimevaa suruali tu. Ashura aliniona, akaweka mkono mdomoni. Ismail alikuwa anaingia uani na mkungu begani. Nilimnyooshea simu.

"Hii ni ya leo," nikamwambia. "Ya kwako ni ya lini?"

Alitua mkungu polepole, kama anaogopa kuuamsha. Akatazama upande wa jikoni. Mama alikuwa amesimama pale, ameshika mwimo wa mlango.

"Mama alikataza, Kaka."

"Na uji? Uji nao alikataza nani?"

"Uji?"

"Unga ulioweka kwenye uji. Unaniua kwa kona ya kahawa, Ismail. Ungeniambia tu unaitaka. Ningekupa."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayehesabu kitu na hesabu inakataa. Akaingia chumbani kwake, akarudi na mfuko wa zahanati. Ndani kulikuwa na vidonge vya vipande viwili viwili, vile vinavyofunguka katikati, na vikaratasi vyenye mwandiko wa Benigna: asubuhi na jioni.

"Nimekuwa nikimpelekea picha za kweli," akasema. "Zipo hapa zote. Nazunguka kwa juu kila baada ya kusafisha. Tarehe kumi na sita alisema nikulete siku ile ile. Mama akasema ukipelekwa utaambiwa, na ukiambiwa utageukia ukutani kama Baba. Akaniapisha. Benigna alinitukana, lakini akatoa dawa. Ningekupa vidonge vipya ungeniuliza ni vya nini, na wewe huachi kuuliza. Kwa hiyo nilivifungua nikavitia kwenye uji." Akafunga mfuko. "Nilishangaa mbona havifanyi kazi. Nilikuwa nakiona kikombe kitupu."

Nikautazama mgomba wa dirishani.

"Ulikuwa unakunywa," akasema. Hakuwa anauliza, bali ananiomba.

"Nilikuwa namwagia mgomba. Tangu Ijumaa."

Ismail akakaa chini, kwenye tope, pembeni ya mkungu. Baadaye akacheka, kicheko kimoja kilichotoka puani. "Basi tuna mgomba mmoja hautaugua mwaka huu."

Mama aliachia mwimo wa mlango. Alikuja akipapasa hewa mpaka akanifikia, akataka kunishika mgongo, nikamshika mkono kabla haujafika. Akauliza, kwa sauti ya kunong'ona, "Umeshaambiwa?"

"Nimeona mwenyewe, Mama."

Alianza kulia, bila sauti, na akaniambia nisilale leo nimetazama ukuta. Nikamwahidi.

Ismail na Datius watanifunga kwenye pikipiki ya Datius kwa kanga, nimeegemea mgongo wa Ismail. Tutazunguka kwa juu hadi lami, kisha Bukoba. Ismail ataandika kama sitaweza. Nimemwambia aandike kila kitu.

Jumamosi, 30 Novemba. Bukoba

Nipo hai. Wamekifungua chote na kukata vilivyokufa. Hawakushona. Daktari alisema kitajaa kutoka chini chenyewe, kikijazwa gozi kila siku. Aliuliza nimekuwa nikitumia dawa gani, nikamwambia ukweli. Akaacha kuandika.

"Uliitupa kwa nini?"

"Nilidhani ni sumu."

"Nani alikupa?"

"Ndugu yangu."

Akaendelea kuandika. Nadhani kwenye kazi yake ameshasikia zaidi ya hayo.

Safina amekaa nami tangu Jumatano. Amezifuta zile picha za jua kwenye simu yake moja moja. Hakuniuliza kuhusu Ismail, lakini alipokuja alimletea chai kabla ya kuniletea mimi.

Jumanne, 3 Desemba

Ismail amefundishwa kujaza kidonda. Nyumba yetu bado ina tope. Kesho tunarudi Izigo, na vidonge.

Alhamisi, 5 Desemba. Izigo

Tumeweka sharti, mimi na Ismail. Hakuna picha. Anaposafisha anasema kwa sauti anachokiona, chote, kibaya na kizuri, nami naandika. Wakati huo Mama anatoka, anakwenda kukaa kwenye migomba na mwavuli, asisikie.

Leo: "Ndani nyekundu kama nyama ya buchani. Kona ya chini kuna njano kidogo, nimeitoa. Kina kimepungua. Harufu hakuna."

Nikamwambia, "Kona ya kahawa ni yako. Nitasema mbele ya ukoo mwezi wa kwanza."

"Nyamaza, unatikisika," akasema.

Jumapili, 8 Desemba

"Nyekundu. Safi. Kina kama kifundo kimoja cha kidole."

Senene wamekwisha. Ashura ameficha kopo moja juu ya kabati na anadhani sijui.

Jumatano, 11 Desemba

"Nyekundu. Safi." Jua limewaka saa nne mfululizo. Mama ameanika mito.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimemeza kidonge cha mwisho cha hospitali. "Nyekundu. Ukingo unaanza kuingia ndani." Magogo mapya ya mkaratusi yamewekwa kwenye kijito. Benigna alipita, akatazama, akaitikia kwa kichwa. Kwa Ismail alikuwa mkali, kwa Mama alikuwa mpole.

Jumatatu, 16 Desemba

"Safi." Neno moja. Nikamuuliza kina. Akasema kama juzi. Mvua imerudi mchana.

Jumanne, 17 Desemba

"Safi." Alichukua muda. Maji yalidondoka kwenye beseni, nikayasikia, nikajikuta nimeacha kuandika ili nisikilize.

Jumatano, 18 Desemba

Uji wa leo asubuhi ameuleta Ismail mwenyewe.

Alisimama mlangoni. Mama alikuwa nyuma yake, mkono kwenye bega lake. Nilionja. Sukari nyingi, na chini ya sukari uchungu ule, nyuma ya ulimi.

Nilimtazama ndugu yangu. Alitazama mgomba wa dirishani. Sikumuuliza alichokiona jana wala juzi. Nadhani alijaribu kukisema, tena mbele ya daftari hili, na mdomo ukamkatalia. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, akisikiliza kama nameza.

Nilikunywa wote. Nikazungusha kikombe ili ule unga wa chini uchanganyike, nikaumalizia.

"Uji mzuri," nikasema. "Ismail, chukua koti. Nimewakumbuka watoto, unipeleke Bukoba nikawaone."

Alinitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Nilikuwa nataka kusema kesho, Kaka."

"Twende leo."

Mama akauliza, "Mvua hii? Mgeni anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Mama," nikamjibu. "Mgeni hana neno."

Akaridhika. Ameenda kumtafuta Ashura atoe lile kopo la senene juu ya kabati, niwapelekee wajukuu. Nasikia Datius anawasha pikipiki yake uani. Ismail amekisuuza kikombe mara mbili, akakifunika juu ya meza, na sasa ananingojea mlangoni na kanga ya kunifungia.